Tuzitoe Hadithi Simuni, Tuziweke Rafuni

Waandishi wa Kiswahili wameijaza mitandao riwaya, makala na mashairi. Kazi iliyobaki ni ya mhariri, mchapishaji na mnunuzi.

Ikifika saa mbili au saa tatu za usiku, watu wakishakula na bando la siku likiwa bado na uhai, kurasa za Facebook na makundi ya WhatsApp ya hadithi za Kiswahili huchangamka. Mwandishi anatupia sehemu ya thelathini na mbili. Haichukui muda maoni yanamiminika: "Kaka, mbona umekata pale pale patamu?" "Dada, huyo Zuhura usije ukamuua, tutagombana." Mmoja anaomba sehemu zilizompita. Mwingine anauliza namba ya kulipia ili aletewe sehemu kumi kwa mpigo inboksi. Kesho yake ni vivyo hivyo, na keshokutwa, mpaka riwaya ifike tamati.

Ikishafika tamati, inazama. Inafunikwa na picha za harusi, taarifa za misiba na matangazo ya viwanja. Anayeitafuta mwaka unaofuata anaambulia vipande, vingine vikiwa vimenakiliwa na watu waliofuta jina la mtunzi na kuweka la kwao. Riwaya iliyowakesha watu miezi mitatu haimo dukani, haimo maktaba, mwalimu hawezi kumpa mwanafunzi, na mhakiki hana ukurasa wa kuunukuu. Kwa historia ya fasihi, ni kama haikuandikwa.

Makala haya yanatetea jambo moja. Maandishi bora ya mtandaoni, yawe riwaya, mashairi au makala za blogu, yanastahili kuwa vitabu vya karatasi. Na kuyafanya vitabu ni kazi ya pili ya uandishi, inayohitaji muda, mhariri na uamuzi mgumu. Anayedhani ni suala la kunakili na kubandika atatoa kitabu kibovu na kuwaharibia njia wenzake.

Muyaka hakuacha kitabu

Tatizo hili tulikuwa nalo kabla ya umeme. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki dunia mnamo 1840, alitunga kwa namna ambayo waandishi wa mtandaoni wa leo wangeitambua mara moja. Alitunga kwa tukio la siku, alitunga kumjibu mtu, na alitunga kwa hadhira iliyomjua na kumngoja. Mvutano wa Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Sayyid Said, Sultani wa Oman, biashara, mapenzi na maneno ya mji yaliingia katika tungo zake, nazo zikaenda kwa midomo ya watu.

Alipokufa, kazi yake ilibaki vichwani mwa Wamombasa. Kilichoiokoa ni bidii ya wengine. Mwalimu Sikujua, msomi wa mji huohuo, aliyakusanya mashairi hayo na kuyaandika, akishirikiana na mmisionari Mwingereza William Taylor, mwishoni mwa karne ya 19. Karatasi zao zikaishia London. Mwaka 1940, karibu miaka mia moja tangu mtungaji azikwe, William Hichens akatoa diwani iliyochapwa Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akamtolea Muyaka kitabu kingine, chenye uchambuzi, Nairobi.

Tunachokisoma leo kwa jina la Muyaka ni kile tu ambacho watu walikikumbuka na wachache wakajitolea kukiandika. Kilichosahaulika hatuwezi hata kukihesabu. Angekuwapo mtu wa kuzikusanya tungo hizo Muyaka mwenyewe akiwa hai, akamuuliza lipi lilitangulia na lipi lilimjibu nani, tungekuwa na hazina nyingine kabisa.

Baadaye magazeti yakaipokea kazi ya kusambaza tungo. Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya washairi, na Shaaban Robert ni mmoja wa waliotoa mashairi yao humo kabla ya kuwa na vitabu. Gazeti halikai. Likishasomwa hufungiwa maandazi. Washairi wa enzi ile tunaowasoma hadi sasa ni wale ambao mashairi yao yalitolewa gazetini yakatiwa jalada. Wenzao, ambao pengine hawakuwa nyuma yao kwa kipaji, wanajulikana na watafiti wachache wanaofunua magazeti makuukuu maktaba.

Mtandao si ghala

Kuna watakaosema kwamba mtandaoni hakuna kinachopotea, kwa hiyo karatasi ya nini? Rekodi inasema vingine. GeoCities, huduma iliyobeba mamilioni ya kurasa za watu binafsi, ilifungwa na Yahoo Oktoba 2009. Mtandao wa kijamii wa Google+ ulifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Mwaka huohuo MySpace ilikiri kwamba muziki uliowekwa humo kwa miaka kumi na miwili ulikuwa umepotea katika kuhamisha mitambo. Hizi si kampuni za uchochoroni. Zilikuwa na fedha, wahandisi na mitambo, na bado kilichowekwa kwao kilipotea siku moja.

Kwetu sababu nyingine zimeongezeka. Mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu kuwa na leseni. Ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka zikijumlishwa zilifika shilingi milioni 2.1. Kwa kampuni ya habari hiyo ni gharama ya kawaida. Kwa mwalimu wa Songea aliyekuwa akiandika visa vya kijijini kwao kila Jumamosi ni mlima. Baadhi walizifunga blogu zao. Jukwaa la JamiiForums lenyewe, kwa ukubwa wake wote, lilisimama kwa muda Juni mwaka ule. Ada zimekuja kubadilika, lakini blogu iliyofungwa na mwenyewe akakata tamaa hairudi kwa sababu ada imeshuka.

Ongeza na mambo madogo ya kila siku. Simu imeibwa Kariakoo na rasimu zote zimo. Akaunti imefungiwa kwa malalamiko ya mtu mmoja. Admini amegombana na wenzake akavunja kundi. Internet Archive ya San Francisco, inayohifadhi nakala za kurasa za mtandao tangu 1996, inasaidia sana kwa kurasa zilizo wazi, lakini haiingii ndani ya kundi la WhatsApp lililofungwa. Na huko ndiko sehemu kubwa ya riwaya za Kiswahili zinakosomwa sasa.

Kitabu nacho huungua, huloa na huliwa na mchwa. Tofauti ni kwamba nakala mia tano zilizotawanyika kuanzia Kigoma hadi Lamu haziungui kwa pamoja, na hakuna kampuni inayoweza kuamka asubuhi ikazifuta zote.

Waliotutangulia

Njia hii imeshapitiwa na wengi, na Waafrika wamo mstari wa mbele. Binyavanga Wainaina wa Kenya alishinda tuzo ya Caine ya uandishi wa Kiafrika mwaka 2002 kwa kisa kiitwacho Discovering Home, cha safari ya kurudi kwa jamaa zake mpaka Uganda. Kisa hicho kilikuwa kimetolewa kwenye jarida la mtandaoni. Mwaka uliofuata jarida la Kwani? likazaliwa Nairobi, yeye akiwa mwanzilishi na mhariri, likawapa waandishi wapya karatasi ambayo wachapishaji wa vitabu vya shule hawakuwa tayari kuwapa. Hata makala yake maarufu kuliko zote, How to Write About Africa, ilianza kama barua pepe ya hasira aliyowaandikia wahariri wa jarida la Granta la Uingereza. Wao wakaona humo makala, wakaihariri na kuichapa mwaka 2005. Baadaye Kwani ikaitoa kama kijitabu cha mfukoni. Barua pepe imekuwa kijitabu, na leo inafundishwa vyuoni. Binyavanga alifariki dunia mwaka 2019, lakini maneno yake yamebaki kwenye karatasi.

Mnigeria Teju Cole alikwenda mbali zaidi. Januari 2006 aliandika blogu kwa mwezi mmoja, kipande baada ya kipande, kuhusu kijana anayerejea Lagos kutoka Marekani na kukutana na rushwa tangu kwenye dirisha la ubalozi mdogo. Mwezi ulipokwisha aliifuta blogu. Cassava Republic, wachapishaji wa Abuja, wakaitoa kazi hiyo kama kitabu mwaka 2007: Every Day Is for the Thief, jina linalotokana na methali ya Kiyoruba iliyo ndugu wa methali yetu ya siku za mwizi. Wachapishaji wakubwa wa New York na London walikitoa mwaka 2014, miaka saba baada ya Abuja. Kinachonivutia hapo ni mipaka aliyojiwekea mwandishi. Alikuwa na mwezi mmoja, mji mmoja na jicho moja. Kwa hiyo kazi ilipofika kwa mchapishaji ilikuwa tayari na umbo, na umbo ndilo linalozifanya kurasa nyingi ziwe kitabu kimoja.

Baghdad, mwanamke kijana aliyejiita Riverbend alianza kuandika Agosti 2003, miezi michache baada ya majeshi ya Marekani kuuteka mji. Aliandika juu ya umeme unaokatika, petroli, majirani waliotekwa, mabinti wanaozuiwa kutoka. Mwaka 2005 Feminist Press ya New York ikayatoa maandishi yake kwa jina la Baghdad Burning, na juzuu ya pili ikafuata. Hapo mhariri alifanya kinyume na ilivyo kwa riwaya: tarehe zilibaki. Nguvu ya kitabu ni kwamba mwandishi wa Jumatatu hajui kitakachotokea Jumanne, na msomaji anajua. Zingefutwa tarehe, ushahidi ungegeuka kumbukumbu ya kawaida.

Kwa wenye riwaya za mfululizo, mfano unaowafaa ni wa Andy Weir, mwandishi wa programu za kompyuta wa Marekani. Kuanzia 2009 aliweka sura za The Martian kwenye tovuti yake bure, moja baada ya nyingine. Wasomaji wenye ujuzi wa kemia na uhandisi wakawa wanamwandikia: hapa hesabu yako imekosea, pale mtambo hauwezi kufanya hivyo. Akarekebisha. Walipomwomba njia nyepesi ya kuisoma, mwaka 2011 aliiuza mtandaoni kwa senti 99 za dola, bei ya chini kabisa aliyoruhusiwa. Wanunuzi wakafurika hadi kampuni ya Crown ikanunua haki na kutoa kitabu cha karatasi mwaka 2014. Filamu ikafuata 2015. Wasomaji waliosoma bure hawakuua soko la kitabu. Wao ndio waliolijenga, na wao ndio waliokisafisha.

Kwa upande wetu, Jackson Biko wa Kenya amewapata wasomaji wake kupitia blogu ya Bikozulu, na alipotoa vitabu alikuta wanunuzi wameshamjua kwa jina. Anaandika Kiingereza, lakini somo halina lugha: anayesomwa kila wiki ameshapiga nusu ya kazi ya kuuza.

Kalamu juu ya sehemu ya thelathini na mbili

Sasa tuingie jikoni. Chukulia riwaya ya kipelelezi ya mtandaoni, mfano ninaoutunga hapa lakini unaofanana na nyingi. Sehemu ya 32 inaanza hivi: mwandishi anasalimia, anaomba radhi kwa kuchelewa kwa sababu umeme ulikatika, kisha anaweka kichwa TULIPOISHIA. Maneno mia moja na hamsini yanarudia ya jana: Zuhura amejificha chumba namba tisa cha gesti moja Mwanza, anasikia viatu kwenye korido. Kisha yanakuja mapya. Mlango unagongwa mara tatu. Taa inazimika. Kitasa kinazunguka taratibu. ITAENDELEA. Kesho yake, katika sehemu ya 33, tunagundua aliyegonga ni mhudumu aliyeleta taulo.

Kwenye simu ujanja huo unafaa. Msomaji amelala na hofu, ameamka na kiu, amecheka kidogo kuhusu taulo, maisha yanaendelea. Kwenye kitabu anageuza ukurasa tu na taulo hizo hapo. Mara ya kwanza atasamehe. Mara ya tatu ataona anachezewa, na kitabu atakiweka chini.

Mhariri anaanza kwa kuondoa salamu, radhi na kumbusho. Pili, anaziunganisha sehemu ya 32 na 33, pengine na 34, ziwe sura moja yenye mwanzo na mwisho wake. Halafu anauliza swali gumu: kugongwa huku kwa mlango kuna kazi gani? Ikiwa mhudumu yule ndiye baadaye anayemuuza Zuhura kwa wanaomsaka, basi taulo zibaki, tena zipewe uzito: aliangalia nini chumbani, macho yake yalitua wapi, kwa nini hakuondoka haraka. Ikiwa mhudumu hatokei tena, hofu hiyo ni ya bure na inakatwa.

Kisha inakuja kazi ya kuoanisha. Riwaya iliyoandikwa usiku kwa usiku kwa miezi minne haikosi nyufa. Kovu la Zuhura lilikuwa shavu la kushoto katika sehemu ya 5, limehamia la kulia. Gari jeupe limekuwa la fedha. Jumatano imefuatwa na Ijumaa. Inspekta aliyepewa uhamisho kwenda Tabora anaonekana akinywa chai Ilala bila maelezo. Kuna mhusika aliyekusudiwa kufa, akaokolewa na maoni ya wasomaji, na tangu hapo hana la kufanya ila kupokea simu. Njia ya kuzinasa nyufa hizi ni ya kizamani na haina mbadala: daftari lenye safu ya kila mhusika, umri, mwili, gari, makazi, na tarehe ya kila tukio.

Lugha nayo ina uamuzi wake. Vifupisho vya meseji, herufi kubwa za kupiga kelele na vikatuni vya kucheka havina nafasi katika sauti ya msimulizi. Lakini mhusika akiwa kondakta wa daladala, azungumze kama kondakta. Kosa kubwa la uhariri wetu ni kuwavalisha wahusika wote suti ya Kiswahili cha darasani hadi mpiga debe anaongea kama mkaguzi wa shule. Wasomaji waliipenda riwaya kwa sababu walizisikia sauti wanazozijua. Mhariri akizinyamazisha, ameua alichopewa akitunze.

Makala za blogu zina ugumu wa aina nyingine. Blogu inaweka la leo juu na la kwanza chini kabisa. Kitabu lazima kiamue kinaanzia wapi. Makala mia mbili si kitabu. Arobaini zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe zinaweza kuwa. Penye "bonyeza hapa" pawekwe sentensi inayoeleza kile kilichokuwa upande wa pili. Penye kumtaja waziri wa wakati ule kwa cheo tu, awekwe jina na mwaka, maana msomaji wa miaka ishirini ijayo hatajua alikuwa nani. Na picha iliyong'aa kwenye kioo cha simu mara nyingi ni ndogo mno kwa karatasi: mchapaji anahitaji nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo picha ya asili itafutwe kabla haijapotea.

Hesabu ya karatasi

Uhariri huo una faida ya fedha pia, na hesabu yake ni nyepesi. Tuseme riwaya ina sehemu 120, kila moja maneno 900. Jumla ni maneno 108,000. Ukurasa wa kitabu cha ukubwa wa A5 hubeba kama maneno 300, kwa hiyo ni kurasa 360. Sasa ondoa kumbusho la maneno 150 katika kila sehemu. Yameondoka maneno 18,000, yaani kurasa 60, kabla mhariri hajagusa hata sentensi moja ya hadithi yenyewe. Vitabu vingi huchapwa katika mafungu ya kurasa 16 zinazokunjwa pamoja. Kutoka mafungu 23 umeshuka hadi 19. Mafungu manne katika kila nakala, mara nakala elfu moja, ni shehena ya karatasi ambayo mwandishi hakuinunua, na bei ya dukani inashuka.

Idadi ya nakala ndiyo inayowatisha wengi, na zamani ilikuwa na haki ya kutisha. Uchapaji wa mabamba una gharama kubwa ya kuanzia, kwa hiyo nakala mia zinakuwa ghali sana kila moja, na elfu tatu zinakuwa nafuu lakini zinahitaji mtaji na stoo. Mashine za kidijitali zimelegeza fundo hilo. Leo Dar es Salaam au Nairobi unaweza kuchapa nakala hamsini, ukauza, ukachapa nyingine. Bei ya kila nakala inakuwa juu kidogo, lakini hakuna maboksi yanayoota ukungu chini ya kitanda.

Mwandishi wa mtandaoni ana silaha nyingine ambayo Muyaka na Shaaban Robert hawakuwa nayo: anawajua wasomaji wake kwa namba za simu. Anaweza kutangaza kitabu, akapokea malipo ya awali kwa M-Pesa au Airtel Money, akahesabu, kisha akaenda kwa mchapaji na oda mkononi. Sharti ni uaminifu. Tarehe ikitajwa iheshimiwe, na ikichelewa watu waambiwe ukweli mapema. Mwandishi mmoja akila fedha za wasomaji, wote wanaomfuata watadaiwa uadilifu aliouvunja yeye.

Jina, haki na mkataba

Kuna woga umeenea kwamba kazi iliyowekwa mtandaoni imekuwa ya kila mtu. Sheria haisemi hivyo. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2001, zinamlinda mtunzi tangu kazi inapoandikwa, na ulinzi huo unaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili katika taasisi za hakimiliki kunasaidia kuthibitisha, lakini haki haizaliwi na cheti. Anayenakili riwaya ya mwenzake na kuibandika kwenye ukurasa wake amevunja sheria, hata kama ameandika chini kwamba ameipenda.

Haki hiyo ina upande wa pili. Maoni ya wasomaji ni maandishi yao. Mwandishi anayetaka kuyaweka kitabuni, na wakati mwingine yanapendeza, awaombe ruhusa. Vivyo hivyo kwa watu halisi waliosimuliwa katika blogu. Jirani aliyekubali kutajwa katika makala ya kupita hajakubali kutajwa katika kitabu kitakachokaa maktaba vizazi na vizazi.

Mkataba wa mchapishaji usomwe mstari kwa mstari, na mambo matatu yatafutwe humo: mrabaha ni asilimia ngapi na unahesabiwa kwa bei ya dukani au kwa fedha anayopokea mchapishaji; haki za mtandaoni, tafsiri na filamu zinakwenda kwa nani; na kitabu kikiisha sokoni, haki zinarudi kwa mwandishi baada ya muda gani. Anayechapa mwenyewe asiruke namba ya ISBN, inayotolewa Tanzania na Bodi ya Huduma za Maktaba na Kenya na huduma ya maktaba ya taifa. Ndiyo inayomwezesha mwenye duka au mkutubi wa nchi nyingine kukiagiza kitabu bila kumjua mtunzi. Na nakala zipelekwe maktaba ya taifa. Hapo ndipo kazi inapopata ulinzi ambao mtandao haukuweza kuipa.

Nani aanze

Wachapishaji waanze kwa kubadili mahali pa kutafutia miswada. Biashara kubwa ya uchapishaji Afrika Mashariki ni vitabu vya shule, na ndiyo maana riwaya mpya ya mtu asiyejulikana huonekana ni hatari. Lakini mwandishi ambaye watu wamemlipa kwa simu, sehemu baada ya sehemu, kwa miezi, ameshafanyiwa utafiti wa soko. Mhariri mmoja akipewa kazi ya kusoma mitandaoni kila siku kwa mwaka mzima, atarudi na miswada kumi yenye wasomaji waliokwisha kujitokeza. Hakuna njia ya bei nafuu zaidi ya kupata vipaji.

Tuzo zinaweza kusukuma gurudumu. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyofuata mwaka 2022, zimewapa waandishi wa Kiswahili sababu ya kukamilisha miswada. Mwandishi wa mtandaoni asizione kuwa ni za maprofesa. Anachokosa mara nyingi si kipaji, ni rasimu ya pili. Naziomba tuzo hizi ziongeze kitu kimoja: kumpa mshindi, na hata aliyekaribia kushinda, miezi kadhaa ya kufanya kazi na mhariri.

Serikali nazo zina sehemu yao. Kenya ilianza kutoza vitabu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 mwaka 2013, na anayeibeba ni msomaji. Nchi inayotaka watoto wake wasome Kiswahili kizuri haina sababu ya kulitoza ushuru neno lililoandikwa.

Kwa mwandishi mwenyewe, kazi ya wiki hii ni ndogo na haigharimu kitu. Kusanya sehemu zote katika faili moja, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, zihifadhi mahali pawili tofauti, kisha isome kazi yako nzima kwa mkupuo kama mtu asiyekujua. Palipokuchosha patamchosha na yeye. Hapo ndipo pa kuanzia kukata.

Wasomaji nao wasijitoe. Kila usiku wanaomba waongezewe, na waandishi wamewaongezea kwa miaka mingi, mara nyingi bure. Kitabu kikitoka, wakinunue, wamnunulie na mwanafunzi mmoja wa sekondari. Aliyelipia sehemu ya hamsini kwa simu saa sita za usiku kwa sababu hakuweza kulala bila kujua yaliyompata Zuhura, ana uwezo wa kukilipia kitabu chake kizima mchana kweupe.